Gobi na kamba wake: jinsi ya kuwafuga kwa tanki hapa Nairobi

Maswali ni yale yale. "Nimenunua gobi na kamba, leo siku ya tatu siwaoni, wamekufa?" "Ni lazima nitoe maji Mombasa?" "Usiku nasikia kitu kinalia ta! kwa tanki, kioo kinapasuka ama?" Kila mtu akianza maji chumvi anauliza hayo hayo, na majibu yametawanyika huku na kule, kwa hivyo nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kidogo tu kuhusu wanyama halafu tuingie kazi. Gobi ni samaki mdogo wa miamba, wengi wao wanafika sentimita 8 hadi 10, anakaa chini kwa mchanga. Kamba tunayemzungumzia si yule wa kukaangwa, ni kamba bastola, jamii ya Alpheus, gando lake moja ni kubwa kuliko lingine na akilifunga kwa nguvu linarusha maji kwa kasi mpaka kiputo kinatokea, kile kiputo kikipasuka ndio unasikia mlio. Macho yake ni hafifu. Kazi yake ni kuchimba kutwa nzima, anasukuma mchanga nje kama katapila, na gobi amekaa mlangoni anaangalia. Kamba akitoka anaweka sharubu moja juu ya gobi, gobi akiona hatari anachezesha mkia, kamba anarudi nyuma, na mambo yakizidi wote wawili wanapotea shimoni.

Sasa, watu wengi hukosea hapa: pesa yote inaenda kwa samaki na taa, mchanga unakumbukwa mwisho. Mimi nasema hii tanki unamjengea kamba. Akipata sakafu nzuri atachimba, na akichimba gobi atakuja mlangoni mwenyewe bila kuitwa. Akikosa pa kuchimba huna pea, una samaki mmoja amejificha nyuma ya jiwe na kamba ambaye hutamwona tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujanunua mnyama yeyote

- Tanki ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, hiyo ni lita 96. Fundi wa vioo anaweza kukutengenezea, lakini mwambie atumie silikoni ya kawaida ya akwariamu, si ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Ukubwa wa sakafu ndio muhimu, kimo si hoja sana.
- Mchanga mweupe wa matumbawe, kilo 28 hadi 30. Ndiyo, zote hizo.
- Vipande vidogo vya matumbawe makavu na magamba ya konokono, nusu sentimita hadi sentimita 2, kama lita 3 au 4.
- Mawe makavu ya miamba, kilo 8 hadi 10.
- Bomba la PVC la nusu inchi, vipande viwili vya sentimita 12 hivi.
- Hita ya wati 100 au 150, na kipimajoto chake kando. Usiamini namba iliyo kwa hita.
- Pampu ya kuzungusha maji, filta, na pampu ya hewa inayotumia betri.
- Chumvi ya akwariamu ya baharini, na rifraktomita ya kupima chumvi.
- Vipimo vya amonia, nitraiti na nitreiti, pamoja na mita ya TDS, ile inayopima vitu vilivyoyeyuka kwa maji.
- Kifuniko cha wavu wa plastiki. Gobi huruka. Tanki wazi ni samaki mkavu nyuma ya kochi asubuhi, hakuna mjadala hapo.

Hatua ya 1: Chagua pea, na uchague vizuri

Si kila gobi anakaa na kamba, na si kila gobi wa kamba atakubali kamba yeyote. Wale wa kuanzia nao ni gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus, kwa sababu ni mgumu na anakula haraka. Huyu ni wa Pasifiki ya magharibi, hapa anakuja kwa kuagizwa, na kwa kawaida anapatana na kamba mwenye milia anayeitwa Alpheus bellulus. Kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi kuna Amblyeleotris wheeleri mwenye mistari myekundu na Amblyeleotris aurora, wazuri ajabu. Wauzaji wengi hawajui jina la kamba wao, hiyo usibishane nayo, uliza swali moja tu: hawa wawili walitolewa shimo moja? Kama jibu ni ndiyo, chukua hao hata kama bei iko juu kidogo.

Na tafadhali usijichukulie mwenyewe ukienda likizo. Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ni mbuga za bahari zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, huruhusiwi kutoa kitu, hata jiwe ama gamba. Nje ya mbuga pia, biashara ya samaki wa mapambo inataka leseni. Nunua kwa mwenye leseni.

Hatua ya 2: Weka tanki mahali pa kudumu

Piga hesabu: maji, mchanga, mawe na kioo vikijumlishwa ni zaidi ya kilo 120. Ile meza ya TV haitoshi. Mbali na dirisha la jua, mbali na mlango unaobamizwa, na karibu na soketi lakini si chini yake. Kila waya uning'inie kwanza chini ya soketi halafu upande, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni yasiingie kwa stima. Maji chumvi na ekstensheni iliyolala chini ni hatari ya kweli kweli, hasa kama kuna watoto kwa nyumba.

Hatua ya 3: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Mawe yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, si juu ya mchanga. Kamba hajui kwamba jiwe lako lina kilo tatu, yeye anachimba tu, na akifika chini yake jiwe litaanguka, ama limponde yeye, ama lipasue kioo. Panga mawe yakiwa makavu, sukuma kila moja kwa kidole, likicheza lipange upya au libandike kwa gundi ya epoksi ya akwariamu. Acha nafasi mbili tatu chini ya mawe zilizo wazi kama mapango madogo. Huko ndiko shimo litaanzia.

Hatua ya 4: Mchanga mchanganyiko

Mchanga wa ujenzi hapana. Huo wa Machakos ni mzuri kwa plasta, lakini una udongo na hauna msaada wowote kwa maji ya bahari. Tumia mchanga wa matumbawe, suuza mpaka maji yatoke safi, halafu uchanganye na vile vipande vidogo na magamba. Kwa nini uchanganye? Mchanga laini peke yake hausimami, handaki linabomoka kila usiku. Kamba huchukua kipande cha gamba, anakigeuza geuza kwa magando yake, anakipachika kwa dari, anarudi kuchukua kingine. Ukipata bahati ashike upande wa kioo utaona ukuta mzima umepangwa hivyo na hutatoka hapo haraka. Ni lazima uchuchumae lakini, cha mvunguni ndio hicho.

Kina kiwe sentimita 7 hadi 8. Zile kilo 28 mpaka 30 zinatoka hapo, sakafu ya 60 kwa 40 inataka lita 19 hivi za mchanga. Sentimita 3 hazitoshi hata kama aliyekuuzia anasema "itakaa tu".

Vile vipande vya bomba vizike vimelala kwa mteremko chini ya jiwe, mdomo mmoja ukitokeza mbele unapoweza kuuona. Kamba akipata bomba siku ya kwanza anaanzia hapo. Wengine wanalikataa, ni sawa, halidhuru.

Hatua ya 5: Maji

Huhitaji maji ya Mombasa. Unachanganya mwenyewe. Shida ni maji ya kuanzia: ya mfereji yana klorini, na mitaa mingi inachanganya na ya kisima, na visima vya Nairobi vinajulikana kwa floraidi nyingi. Nunua maji yaliyochujwa kwa RO (mashine inayotoa karibu kila kitu kilichoyeyuka kwa maji) kwa yale maduka ya kujaza mitungi, lakini uliza kama wanaongeza madini, na uende na mita yako ya TDS. Chini ya 10 ni poa. Ikisoma 60 na kuendelea, enda duka lingine.

Changanya kwa ndoo au pipa safi ambalo halijawahi kuona sabuni, weka pampu izungushe na hita, gramu 35 hadi 38 za chumvi kwa kila lita, acha mpaka kesho yake. Ukishatoa nafasi ya mchanga na mawe utahitaji kama lita 65 hadi 70 tu, kwa hivyo chumvi ni kilo mbili na nusu hivi. Pima kwa rifraktomita: 1.026, au 35 kwa elfu. Joto nyuzi 24 hadi 26.

Halafu kuna jambo la Nairobi ambalo miongozo ya ng'ambo haikuambii. Tuko juu ya bahari mita 1,700 hivi, hewa huku ni nyepesi, na maji yanabeba oksijeni pungufu karibu asilimia 18 kuliko maji hayo hayo yakiwa Mombasa. Samaki aliyetoka juzi kijiji cha Shimoni, kule pwani, anaisikia hiyo tofauti. Kwa hivyo uso wa maji lazima uchafuke muda wote, elekeza pampu juu, usiache maji yamelala yanang'aa. Na ndio maana kifuniko nimesema wavu, si kioo.

Hatua ya 6: Subiri

Wiki 4 hadi 6 bila mnyama. Tupa kipande cha kamba mbichi wa kula, saizi ya ncha ya kidole gumba, kioze. Amonia itapanda, bakteria watakuja waigeuze kuwa nitraiti, wengine waigeuze kuwa nitreiti. Unangoja amonia isome sufuri na nitraiti isome sufuri, na ukiongeza kipande kingine kidogo zirudi sufuri zenyewe haraka. Acha hita ikiwa imewaka wakati huu wote, maji baridi yanachelewesha bakteria sana, na Julai usiku hapa nje inashuka mpaka nyuzi 10 ama 11.

Nitreiti ikiwa juu mwishoni badilisha maji mpaka iwe chini ya miligramu 20 kwa lita.

Hatua ya 7: Kuwaleta

Wengi wanakuja kutoka pwani na basi la usiku, wengine na treni. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari, kila mmoja awe na mfuko wake wenye oksijeni, na vyote viwe ndani ya boksi la povu. Kuwaweka mfuko mmoja kwa sababu "ni marafiki" ni ujinga, hakuna shimo humo ndani na kamba ana bastola.

Wapokee asubuhi na usifungue mfuko barabarani kuangalia. Mfuko uliofungwa usiku mzima una amonia, na ukiingia hewa mpya pH inapanda na ile amonia inageuka kali zaidi. Ukifika nyumbani:

1. Zima taa ya tanki. Elea mifuko juu ya maji, bado imefungwa, dakika 20 joto lilingane.
2. Kamba: mfungue, mweke kwa chombo kidogo na maji yake, na uanze kumdondoshea maji ya tanki kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde. Saa nzima. Kamba hawezi kabisa mabadiliko ya ghafla ya chumvi.
3. Gobi: dondosha nusu saa, inatosha.
4. Mchote kwa kikombe au wavu. Maji ya mfuko mwaga kwa sinki, yasiingie tanki hata kidogo.

Hatua ya 8: Kamba kwanza

Mshushe kamba taratibu kwa kikombe mpaka mdomoni mwa lile bomba. Ataingia kinyumenyume mara nyingi. Ikiwezekana gobi akae kwa tanki nyingine ndogo wiki nne ukimwangalia kama ana vidoa vyeupe, na wakati huo kamba anachimba bila haraka. Kama huna tanki ya pili, mpe kamba saa kadhaa, halafu mshushe gobi karibu na mdomo huo huo wa shimo. Usimwachilie upande wa pili wa tanki eti atatafuta.

Onyo kubwa: dawa ya madoa yenye shaba isiingie kabisa kwa tanki yenye kamba. Inamuua. Na mawe na mchanga hunyonya shaba ikakaa humo.

Hatua ya 9: Waache

Usiinue mawe. Usichokonoe shimo. Usihamishe kitu "wapate nafasi". Wengine wanapatana siku hiyo hiyo, wengine inachukua wiki kadhaa.

Hatua ya 10: Chakula

Gobi anakula maisisi wa barafu na braini shrimpi wa barafu, hao ni vijidudu vidogo kama kamba, na baadaye punje ndogo zinazozama. Mara mbili kwa siku, kidogo. Kamba ndiye anasahaulika: dondosha punje moja ama kijipande cha kamba wa sokoni kwa bomba la sindano pale mlangoni, mara tatu kwa wiki. Huyo kamba wa sokoni awe mbichi, asiye na chumvi wala viungo. Gobi akishazoea utamwona anabeba kipande anakiingiza shimoni, wakati mwingine kamba anakichukulia hapo hapo mlangoni.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji. Kila siku ongeza kilichokauka, lakini kwa maji matamu ya RO, si ya chumvi. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki, na miezi ya Januari na Februari maji hupungua haraka hapa. Mtu anaongeza maji chumvi wiki tatu halafu anashangaa rifraktomita inasoma 1.030.

Majirani wa tanki

Klauni mdogo, kromisi, fayafishi (firefish), hao ni sawa. Epuka hokifishi, laionfishi, trigafishi na dotibaki mkali. Gobi wawili wa kamba kwa tanki ya saizi hii watapigana, labda wawe dume na jike waliokuja pamoja. Kamba wengine wadogo wa mapambo wanaweza kuliwa, na konokono watafukiwa mara kwa mara, wengi hujitoa.

Ikienda mrama

Siwaoni. Wiki mbili za kwanza ni kawaida. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu usiku, na uangalie mchanga asubuhi: kama kuna lundo jipya mbele ya shimo, kamba yuko hai na yuko kazini.

Kamba amekufa, nimemwona amelala kwa mchanga. Muangalie vizuri kwanza. Kama ni kitu chepesi, kinapitisha mwanga, kimepasuka mgongoni na ndani ni tupu, hilo ni gamba tu, amejivua. Atajificha siku kadhaa mpaka gamba jipya ligumu. Kamba aliyekufa kweli anakuwa mzito, rangi ya maziwa au waridi, na ananuka. Huyo mtoe na upime amonia.

Ule mlio. Ni yeye. Kioo kiko sawa. Lakini kama samaki wanapotea mmoja mmoja na ulitumia mawe hai (yenye viumbe ndani yake) kutoka baharini, shuku kamba mantisi amejificha humo, huyo ni mnyama mwingine kabisa na lazima atoke.

Kila mmoja ana shimo lake. Wape mwezi. Ikipita hapo, huenda hao si wa kupatana, na kuhamisha mawe hakutabadilisha hilo. Wote wanaweza kuishi hivyo hivyo miaka.

Gobi anahema haraka. Uso wa maji kwanza, halafu amonia, halafu joto. Kwa mpangilio huo. Kama zote ni sawa na ana vidoa vyeupe vya chumvi mwilini, mtoe umtibu tanki nyingine.

Tumbo la gobi limeingia ndani. Majirani wanamaliza chakula juu. Mpelekee chini kwa bomba la sindano, pampu ikiwa imezimwa dakika tano.

Mchanga juu ya matumbawe. Kamba hatabadilisha tabia. Matumbawe ndiyo yahame juu.

Shimo limehamia nyuma kabisa. Inauma lakini hakuna la kufanya. Unaweza kumvuta taratibu kwa kulisha sehemu moja ya mbele kila siku, wengine hufungua mlango wa pili huko.

Stima imepotea. Washa pampu ya hewa ya betri mara moja, usingoje saa mbili uone kama itarudi, kwa huu mwinuko wetu tanki ndogo inamaliza oksijeni haraka. Usilishe. Kama ni usiku wa Juni au Julai funika tanki na blanketi pembeni pande zote ila juu. Stima ikirudi hakikisha hita haijabaki nje ya maji, manake kioo chenye moto kikiguswa na maji baridi kinapasuka, halafu angalia pampu kama imeanza yenyewe, nyingine hukwama na mchanga ambao kamba ameurusha.